Nani Amehesabu Milango?

Mwaka 2004, mtaalamu Daniel Kahneman na wenzake walichapisha utafiti uliowauliza wanawake 909 wenye ajira huko Texas walivyojisikia katika shughuli za kila siku. Tendo la ndoa lilishika nafasi ya kwanza; safari ya kazini ikawa mkiani.

Ndugu wafanyabiashara wa mipakani, mnacheka? Mimi nimesomea Dzaleka, gereza la zamani lililogeuzwa kambi mwaka 1994 kwa ajili ya watu 10,000 hivi. Leo wamezidi 50,000. Chumba kimoja, pazia la kitenge, watoto sita upande wa pili. Baba akirudi usiku kutoka Lilongwe, hupokewa kwa kunong'onezwa. Wagawaji huhesabu misaada, milango hapana.

Niliporejea nyumbani nilinunua kwanza komeo la chumbani. Mke wangu aliuliza kwa nini si redio. Siku hizi haulizi.