Anayetafuta mchawi hakosi kumpata

Mei 2008, katika kitongoji cha Alexandra jijini Johannesburg, makundi ya watu wenye marungu na mapanga yalikuwa yakiwasimamisha wapita njia na kuwauliza: kiwiko cha mkono kwa Kizulu kinaitwaje? Jibu ni indololwane, neno ambalo mtu aliyejifunza Kizulu sokoni hana sababu ya kulijua. Unaweza kuomba kazi, kununua mkate na kujuliana hali na jirani kwa miaka ishirini bila kuhitaji kukitaja kiwiko. Aliyekwama aliitwa kwerekwere, jina la dhihaka wanalopewa Waafrika wa kutoka nje, na kilichofuata kilikuwa kipigo, kuporwa, au kifo. Ghasia hizo zilizoanza Mei 11 zilienea hadi Durban na Cape Town. Zilipotulia, watu 62 walikuwa wameuawa na makumi ya maelfu wameyakimbia makazi yao. Kati ya hao 62, watu 21 walikuwa raia wa Afrika Kusini.

Idadi hiyo ya 21 inastahili kutafakariwa zaidi ya ilivyowahi kutafakariwa. Kipimo cha kiwiko kiliwanasa hata wasemaji wa Kishangani na Kivenda, watu waliozaliwa katika nchi hiyohiyo, ambao lugha zao zinatambuliwa na katiba yake. Wengi wetu hudhani kwamba jamii humwona mgeni kwanza, halafu ikamchukia. Alexandra inaonyesha mwendo wa kinyume: hasira ilikuwapo tayari, ikawa inatafuta pa kutua, na kipimo kikatungwa ili apatikane wa kutuliwa. Kiswahili kina msemo wake kwa kazi hiyo: kutafuta mchawi. Na anayetafuta mchawi hakosi kumpata, kwa kuwa dalili za uchawi anazitunga yeye mwenyewe.

Afrika Kusini ilikuwa imekwisha kuonja kipimo cha namna hii. Chini ya Sheria ya Usajili wa Watu ya mwaka 1950, maofisa wa Makaburu waliotilia shaka rangi ya mtu waliweza kumchomeka penseli kwenye nywele. Ikidondoka, mtu huyo ni mweupe. Ikinasa, si mweupe. Wapo ndugu wa tumbo moja waliojikuta katika makundi mawili tofauti. Machi 21, 1960, polisi waliwapiga risasi na kuwaua watu 69 huko Sharpeville, katika maandamano ya kukataa kulazimishwa kutembea na pasi, hati waliyotakiwa watu weusi kuionyesha kila wanakokwenda. Miongo sita baadaye, wafuasi wa kundi la Operation Dudula, lililoanzia Soweto mwaka 2021 na ambalo jina lake maana yake ni kusukumia mbali, wamesimama kwenye malango ya zahanati wakidai vitambulisho kabla mgonjwa hajaingia. Taifa lililomwaga damu kuikataa pasi limewaona baadhi ya watoto wake wakiidai kwa mama mjamzito. Kuonewa jana hakumkingi mtu asiwe mwonevu leo.

Jinsi mchawi anavyotengenezwa ilionekana wazi kabisa mwaka 2024. Oktoba ya mwaka huo, watoto sita wa eneo la Naledi, Soweto, walifariki kwa sumu iitwayo terbufos, dawa kali ya kuulia wadudu mashambani ambayo haikuruhusiwa kutumika majumbani. Macho yote yakageukia maduka madogo ya mitaani yanayoitwa spaza, ambayo mengi yanaendeshwa na watu kutoka Somalia, Ethiopia na Bangladesh. Maduka yalivamiwa, na maneno yakasambaa kwamba wageni wanawaua watoto makusudi. Novemba, Rais Cyril Ramaphosa alilihutubia taifa: hapakuwa na ushahidi wowote wa njama ya kuwaua watoto. Sumu hiyo ilikuwa ikiuzwa kiholela mitaani kwa ajili ya kuulia panya, na panya walikuwa wamezidi kwa sababu manispaa kadhaa hazikuwa zikizoa taka ipasavyo. Fuatilia mnyororo huo tangu mwanzo: taka, panya, sumu, mtoto. Hakuna pete hata moja ndani yake inayotegemea pasipoti. Lakini kumvamia muuza duka ni kazi ya jioni moja, ilhali kuibana manispaa mpaka izoe taka kila wiki ni kazi ya miaka. Ndiyo maana mgeni akaangushiwa jumba bovu, na taka zikabaki palepale.

Wapo watakaosema kwamba mimi sioni dhiki ya wenyeji. Dhiki ipo, tena kubwa: kati ya kila watu 100 walio katika nguvu kazi ya Afrika Kusini, zaidi ya 30 hawana ajira. Lakini sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wahamiaji takriban milioni 2.4 katika nchi ya watu milioni 62, yaani hawafiki hata wanne katika kila 100. Mtu akisema wengine walijificha wasihesabiwe, na tuwazidishe mara mbili. Bado haiwezekani watu wanane wawe wamewanyima wenzao 92 kazi, nyumba, umeme na dawa. Wengine watasema wapo wageni wahalifu. Wapo, kama walivyo wenyeji wahalifu. Mwenye duka aliyeweka sumu kando ya chakula ana kosa, na ashtakiwe, awe Msomali au Mzulu. Ila kosa lina jina la mtu, lina tarehe na lina hakimu. Tuhuma inayobebeshwa kabila zima haina hata kimoja cha hivyo. Wengine tena watakumbusha kuwa kila nchi ina haki ya kulinda mipaka yake. Ni kweli, na haki hiyo ni ya ofisa anayebanwa na sheria, ambaye uamuzi wake unaweza kukatiwa rufaa. Uamuzi wa umati uliojipanga kwenye lango la zahanati hauna pa kukatiwa rufaa.

Wala tusiyatazame haya kwa mbali tukidhani ni maradhi ya wengine. Huku Usukumani tumewazika wanawake vikongwe waliokatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa jikoni walikopikia wajukuu. Kipimo kilikuwa kilekile, na aliyekosewa alikuwa bibi wa nyumbani, hakuvuka mpaka wowote. Nchini Kenya, Aprili 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi, operesheni ya Usalama Watch iliwazoa Wasomali kutoka Eastleigh na kuwafungia katika uwanja wa Kasarani, wakiwamo Wakenya wenye vitambulisho vyao mfukoni. Tuna pia kumbukumbu iliyo njema zaidi. Wapigania uhuru wa Afrika Kusini walipokuwa hawana pa kwenda, Tanzania iliwapa ardhi Mazimbu, Morogoro, wakajenga Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu. Msumbiji nayo iliwahifadhi, ikavamiwa kwa ajili yao na jeshi la Makaburu huko Matola, Januari 1981. Watu wa Morogoro hawakuwataka kwanza waseme kiwiko kinaitwaje kwa Kiluguru.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Walijua pia kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakumtukuza wala hawakumbembeleza, walimpa kazi na wajibu kama mtu mwingine yeyote. Huo ndio mwenendo tunaopaswa kuurudia. Kila tunapomsikia mwanasiasa, mchungaji, shehe au jirani akianza na maneno "hawa watu", tumtake ataje ni nani, alifanya nini, lini, na ushahidi uko wapi. Akishindwa kujibu, tusimpe kura, tusimpe sadaka, na tusiyapeleke maneno yake mbele kwenye simu zetu. Kisha twende ofisi ya mtendaji wa kata tukaulize taka za mtaa wetu zinazolewa lini.