Nyumba Ntobhu na Hoja ya Mila

Mwacha mila ni mtumwa. Methali hii husemwa sana katika mabaraza, mahubiri na mabunge kila inapotajwa habari ya watu wanaopendana au kuishi kinyume cha mazoea ya wengi. Anayeisema hudhani ya kuwa amekwisha kufunga mjadala. Husema kuwa Mwafrika tangu asili hakujua ndoa ila ya mwanamume na mwanamke, na kila lililo nje ya hiyo ni bidhaa ya kigeni. Hoja hii ina makosa mawili. La kwanza ni kwamba haiijui mila inayodai kuitetea. La pili, lililo kubwa zaidi, ni kwamba haina mizani ya kupimia haki na dhuluma.

Tutazame mfano ulio karibu nasi. Wakurya wa Mkoa wa Mara, hasa upande wa Tarime, wanayo ndoa iitwayo nyumba ntobhu. Mwanamke mtu mzima, aghalabu mjane au asiyejaliwa mtoto wa kiume, hutoa ng'ombe wa mahari akaoa mwanamke kijana. Kijana huyo huzaa na mwanamume. Walakini watoto si wa mwanamume huyo, bali ni wa nyumba iliyotoa mahari. Sababu yake si fumbo. Katika jamii hizo za wafugaji kila mke ana nyumba yake, na mali ya nyumba hurithiwa na wana wa kiume wa nyumba ile. Nyumba isiyo na mwana huona ng'ombe na mashamba yake yakihamia kwa ndugu za mume. Basi mwanamke huoa ili nyumba yake isizimike na uzee wake usikose msaada.

Wala Wakurya hawako peke yao. Wanandi, Wakisii na Wakamba wa Kenya wanajua ndoa ya namna hii. Wanuer wa Sudan Kusini kadhalika. Huko Afrika Kusini, Modjadji, malkia wa mvua wa Walovedu, alikuwa na wake. Ifi Amadiume aliandika juu ya wanawake waoaji wa Kiigbo katika kitabu alichokitoa mwaka 1987. Na Regine Smith Oboler, aliyechapisha uchunguzi wake juu ya Wanandi mwaka 1980, alieleza kuwa wenyeji walishikilia ya kuwa mwanamke aliyeoa ni mwanamume. Hawakuwa vipofu, waliuona mwili wake. Walichosema ni kwamba cheo cha mume kilikuwa mzigo wa mali, ulinzi na urithi, na mwanamke aliyeubeba mzigo huo alistahili cheo chake.

Hapa yafaa niwageukie na wasemaji wa upande wa pili. Wako wanaoichukua nyumba ntobhu wakasema: tazameni, mapenzi ya mwanamke kwa mwanamke ni mila yetu. Hilo nalo si kweli. Wenye desturi hiyo wenyewe husema kuwa ndoa yao ni ya kupata watoto na kutunza mali, si ya kitanda. Na si adabu ya elimu kumsemea mtu jambo ambalo yeye mwenyewe analikana. Nyumba ntobhu haithibitishi zaidi ya jambo moja, lakini jambo hilo ni zito: kwamba wazee wetu, walipobanwa na haja, walikuwa tayari kuyafungua maneno mume, mke na baba, wakayapa maana pana kuliko tuliyo nayo leo. Anayesema kuwa maana hizo hazijapata kubadilika Afrika hawajui wazee anaowasifu.

Ajabu ni kwamba mila hiyo ya kweli imeachwa nje ya mlango wa sheria, na walioachwa ndani ni wageni. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 yasema kuwa ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Kwa maneno hayo mke wa nyumba ntobhu si mke. Akifa aliyemwoa, ndugu za ukoo waweza kumwambia kuwa hakuolewa kamwe. Kwa upande wa Kenya, Mahakama Kuu iliyoketi Mombasa ilikubali mwaka 2011 ya kuwa mwanamke aliyeolewa na mwanamke kwa desturi ya Wanandi alikuwa na haki katika mirathi, yeye na wanawe. Na lile neno "kinyume cha maumbile", linalonadiwa kama urithi wa mababu, lilitokana na sheria za Waingereza. Lilikuwamo katika Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, likawamo pia katika kanuni ya Tanganyika ya mwaka 1930. Uingereza na Wales ziliacha kuwaadhibu wanaume watu wazima kwa mambo yao ya faragha mwaka 1967. India nayo ilifuata mwaka 2018. Sisi twaishika nguo ya aliyekwisha kuivua, na twaiita vazi la babu.

Lakini tusitosheke na kumshinda mtu kwa historia. Hata kama wazee wote wangalikuwa na neno moja, ingalibaki kuuliza: je, neno hilo ni la haki? Mila imepata kuhalalisha utumwa, na imepata kumwozesha mtoto. Mizani iliyo bora ni swali hili: nani amedhulumiwa, na je, aliridhia?

Tuipime kwanza nyumba ntobhu yenyewe. Mara nyingine kijana anayeolewa ni msichana aliyetolewa na baba yake kwa ajili ya ng'ombe, na mwanamume wa kumzalisha huchaguliwa na mwingine. Hapo pana dhuluma, na wasemaji wa mila hukaa kimya kwa sababu mahari imelipwa. Kisha tuwapime watu wazima wawili walioridhiana, wasiomnyang'anya mtu mali, mwili wala heshima yake. Hapo hapana mlalamikaji, walakini Tanzania, kwa sheria iliyotungwa mwaka 1998, iliongeza adhabu ya mambo "kinyume cha maumbile" ikawa kifungo kisichopungua miaka 30. Uchungu wa msichana hauna mtetezi, na faragha ya wasio na hatia ina askari mlangoni.

Kazi ya wasomi katika jambo hili iko wazi. Mke wa nyumba ntobhu apewe ulinzi wa sheria, yeye na watoto wake. Msichana asiyeridhia aokolewe, awe ameolewa na mwanamume au na mwanamke. Na watu wazima walioridhiana waachwe na nyumba yao. Anayepinga moja katika haya matatu asituletee methali. Atuonyeshe aliyedhulumiwa.