Chakula cha Wazee Kipimwe kwa Upawa Mmoja

Tukienda kuwatembelea wazee katika makao yao, wengi wetu hupeleka unga, maharage na sabuni. Ni jambo jema. Lakini sisi wauguzi tunawaomba muulize pia: chakula hicho kinapakuliwaje?

Mara nyingi anayepakua hukadiria kwa macho. Zamu ya mpishi mmoja, sahani inajaa. Zamu ya mwingine, inakuwa nusu. Mwenye sauti huongezewa, na mkimya anayesubiri kitandani huletewa kilichobaki. Huo si ubaya wa moyo, ni ukosefu wa kipimo.

Anayeumia upesi ni mgonjwa wa kisukari. Sindano yake ya insulini ina kipimo maalumu. Chakula kikipungua, sukari hushuka: anatetemeka, anatoka jasho, anaongea ovyo, hata kuzimia. Baadhi ya vidonge vya kisukari huleta hatari hiyo hiyo. Watu husema, "Ni uzee tu," kumbe ni njaa.

Wengine hukonda polepole. Mzee asiye na ugonjwa wa figo anahitaji angalau gramu 1 ya protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 50, basi, anahitaji gramu 50. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina gramu 15 hivi, na yai moja gramu 6. Akipakuliwa nusu kikombe, atazipata wapi?

Wapo wanaosema upendo haupimwi. Sisi tunaona kipimo ndicho kinachomlinda asiyeweza kudai. Wala kupima si kuwapa wote sawasawa. Aliyekonda au mwenye vidonda aongezewe, lakini iandikwe, isitegemee huruma ya anayepakua.

Gharama yake ni ndogo: upawa mmoja wa mboga, bakuli moja la kupimia ugali, na karatasi ukutani yenye jina la kila mzee na kiasi chake. Wazee wapimwe uzito kila mwezi. Mwenye kilo 50 akipungua kilo 2 na nusu kwa mwezi mmoja, aonwe na daktari.

Nanyi mnaowatunza babu na bibi nyumbani, fanyeni vivyo hivyo. Na mtakapokwenda tena kwenye makao ya wazee, pamoja na unga, pelekeni na upawa.