Mvuke Si Kuchemka

Huku kwetu kwenye majani chai kila mtu hujisifu kwamba anachemsha maji ya kunywa. Nami nilijisifu, hadi dada yangu mdogo alipolazwa kwa homa ya matumbo. Daktari aliuliza tunakunywa maji gani. Mama akajibu, "Ya kuchemsha!" Hakudanganya, maskini. Kumbe sisi watoto, kwa kuogopa kumaliza kuni, tulikuwa tukiepua sufuria mvuke ulipoanza tu.

Mvuke si kuchemka, jamani! Kericho iko kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa hewa ni hafifu, maji yetu huchemka kwenye digrii 93 hivi, si 100 kama ya Mombasa. Hizo zatosha kabisa, maana hata digrii 70 huua bakteria wengi upesi. Lakini ngoja mapovu makubwa yatokote, kisha hesabu dakika 3. Kuni za dakika 3 ni ngapi kwani? Maji ya vuguvugu ndiyo mabaya. Bakteria huyapenda kama sisi tupendavyo blanketi kengele ya asubuhi ikilia.

Halafu kuna kikombe. Hapa shuleni maji hutoka jikoni yamechemka sawasawa, kisha mtu anachovya kikombe pipani pamoja na vidole vyake! Maoni yangu ni kwamba pipa hilo liwekwe mfereji, na kifuniko kisiondolewe ovyo.

Dada amepona, ila alikosa mtihani wote wa muhula wa pili.