Rangi Inayogusa Inachokionyesha

Mwaka 1971, katika maabara ya Otto Dann huko Ujerumani, watafiti waliokuwa wakisaka dawa ya malale walitengeneza kemikali ambayo leo imetapakaa katika maabara za seli duniani: DAPI. Ethidiamu bromaidi ina nasaba hiyohiyo. Kabla ya kuwa rangi ya kuonyeshea DNA, ilikuwa dawa waliyodungwa ng'ombe wa Afrika dhidi ya nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o.

Nasaba hiyo ina uzito katika kazi yetu ya kuhariri jarida hili. Sifa iliyozifanya kemikali hizi zifae kuwa dawa ndiyo iliyozifanya zifae kuwa rangi: hushikamana na DNA. DAPI hulala kwenye mfereji mwembamba wa DNA, hasa palipojaa adenini na thimini, na ikimulikwa kwa urujuanimno hutoa mwanga wa buluu. Ethidiamu hujipenyeza katikati ya jozi za besi zenyewe. Itazame tripanosoma, kimelea wa malale na nagana, iliyotiwa DAPI: kiini kinang'aa, na kando yake nukta ndogo, kinetoplasti, yenye DNA ya mitokondria. Ni picha ya kupendeza mno. Lakini ni kwenye nukta hiyohiyo ethidiamu inapomuumiza kimelea, kwa kuizuia DNA yake isijinakili.

Basi hatukubali mwandishi aizungumzie rangi kana kwamba imesimama pembeni ikitazama. Katika seli hai hatari ni kubwa zaidi, maana mwanga unaoamsha rangi huweza kuzalisha molekuli kali za oksijeni zinazoiunguza seli. Tumeletewa picha za seli zikinywea na kufa, kifo kikihesabiwa kuwa kazi ya dawa iliyojaribiwa, pasipo hata picha moja ya seli zilizotiwa rangi na kumulikwa bila dawa hiyo.

Protini ya kijani ya yavuyavu, inayotumika badala ya rangi, iliyoelezwa na Osamu Shimomura na wenzake mwaka 1962 na kuzaa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2008, ni pole zaidi, naam. Hata hivyo ni mzigo wa asidi amino 238, na protini ndogo iliyobebeshwa mzigo huo yaweza kwenda isikokwenda siku zote.

Kuanzia toleo hili, makala yenye picha za seli hai ije na picha za seli zisizotiwa rangi, na za seli zilizotiwa rangi zikawekwa gizani. Itaje pia nguvu ya mwanga na muda wa kumulika. Tunajua hadubini nyingi ni za kuazima na muda wake ni wa kugombaniwa. Kwa hiyo picha hizo zipigwe kwanza.