Tujifunze Kuisoma Miswada Yetu

Mnamo Oktoba 24, 1968, wasomi watatu wa Chuo cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wakipendekeza Idara ya Kiingereza ivunjwe, na badala yake paundwe idara ya fasihi na lugha za Kiafrika. Walitaka Afrika iwe kitovu cha masomo, na maandishi ya Waafrika waliotawanyika Karibea na Marekani yapewe nafasi.

Waraka ule ulibadilisha mengi. Hata hivyo, kuna pengo ambalo vyuo vyetu havijaliziba hadi leo.

Kwa karne kadhaa, washairi wa Lamu, Pate na Mombasa waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Katika karne ya 20, Muhamadi Kijuma wa Lamu aliwanakilia wataalamu wa Ulaya tendi nyingi kwa mkono wake, na nyingi ya nakala hizo zimehifadhiwa London na Ujerumani. Wapo wanaolalamika kwamba hazina yetu iko ughaibuni. Malalamiko hayo yana msingi, lakini hayatoshi. Siku hizi baadhi ya miswada hiyo, hususan ya chuo cha SOAS cha London, imepigwa picha na yaweza kutazamwa kwa intaneti. Nauli si kisingizio tena. Swali ni hili: ni wanafunzi wetu wangapi wanaoweza kuisoma?

Ni jambo la kusikitisha kwamba mwanafunzi anaweza kuhitimu shahada ya Kiswahili bila kufundishwa herufi hizo. Hutegemea matoleo ya herufi za Kirumi yaliyotayarishwa na wengine, na walipokosea wao, naye hukosea. Makosa yenyewe si haba. Katika maandishi ya zamani, alama moja ya irabu husimamia i na e, nyingine u na o. Herufi moja yaweza kusomwa b, p au hata mb. Wa kukata shauri ni yule aijuaye lahaja, Kiamu au Kipate, pamoja na mila za wenyewe. Wajuzi wa namna hiyo wangalipo pwani, lakini wengi ni wazee, na kila anayefariki huondoka na elimu yake.

Yafaa basi kila idara ya Kiswahili na ya historia ifanye usomaji wa herufi hizo kuwa somo la lazima. Wazee wa Lamu na Mombasa nao waalikwe kufundisha, na walipwe kama walimu, wawe na shahada au wasiwe nazo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tunalo. Tusipojifunza kulisoma, tutaendelea kusomewa habari zetu na wageni.