Muulize nyanya kwanza, makaratasi baadaye

Desemba ikifika, mabasi ya kwenda mashambani hujaa, nauli hupanda, na watoto waliozaliwa Umoja au Kayole hukutanishwa na jamaa wasiowajua. "Msalimie babu yako," wanaambiwa. Kesho yake anatokea mzee mwingine, naye pia ni babu. Mtoto akihesabu anapata mababu sita, na baba mtu aliyeishi Nairobi miaka ishirini hawezi kumweleza ni yupi aliyemzaa nani.

Msomaji, ikiwa umewahi kutamani kuuchora mti wa ukoo wenu, likizo hiyo ndiyo nafasi yako. Kinachohitajika ni daftari, kalamu na subira. Makaratasi ya serikali na ya kanisa yatangoja. Nyanya wa miaka tisini hangoji.

Anza na wewe mwenyewe, uende kwa wazazi na ndugu zao wote, kisha upande juu. Kwa kila mmoja andika jina, mahali alikozaliwa, aliooana naye, na jina la yule aliyekusimulia. Hili la mwisho wengi hulipuuza, na siku shangazi wawili wanapotoa majibu mawili hawajui wamwamini nani.

Usimwulize mkongwe alizaliwa mwaka gani. Wengi wa rika lake hawakuandikiwa cheti, na swali kama hilo humfunga mtu mdomo. Muulize hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 alikuwa nani: msichana wa kuchunga mbuzi, mke wa mtu, au mama mwenye mtoto mgongoni? Wazee wa Kikuyu watakutajia njaa ya Mianga ya 1943, watu walipookolewa na mihogo. Ukambani kuna njaa ya Ndege ya 1961, ambapo chakula kilidondoshwa kutoka angani. Mwishoni mwa mwaka huo huo mvua kubwa ilifurika nchi nzima. Matukio matatu au manne kama haya yatakupa mwaka wa kuzaliwa usiopotoka sana.

Kisha yasikilize majina yenyewe, maana yana habari nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kwa Waluo, Okello au Akello ni mtoto aliyezaliwa baada ya mapacha. Ukimpata Okello ambaye hana Opiyo wala Odongo mbele yake, uliza kwa upole. Huenda kuna watoto wawili waliofariki wachanga ambao hakuna aliyewataja tena. Mkamba aitwaye Wayua alizaliwa wakati wa njaa, basi uliza ni njaa ipi. Kwa Wakikuyu, mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba na wa pili la babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa nyanya zao. Ndiyo maana ndugu wanne hupata kila mmoja kijana anayeitwa Kamau. Usipoandika Kamau wa nani, na mama yake nani, mti wako utageuka kichaka.

Nami sina budi kulalamika kidogo. Miti mingi niliyoonyeshwa ina wanaume watupu! Kuna babu, baba yake na baba wa huyo, hadi vizazi saba, na wanawake wametajwa kama "mke wa kwanza" na "mke wa pili". Nyanya naye alitoka kwa watu. Waluo humwita mke kwa alikotoka, Nyar Alego, Nyar Ugenya, na hiyo tayari ni anwani ya kukupeleka kwa wajomba zake baba yako. Kijana anayetarajia kuoa au kuolewa ana sababu ya ziada ya kuuliza, kwani jamii nyingi hukataza ndoa za ukoo mmoja. Afadhali ujue kabla ya posa kuliko siku wazee wameketi.

Sasa makaratasi. Omba kufunguliwa sanduku la bati la babu. Kuanzia 1920 wanaume Waafrika wa miaka 16 na zaidi walilazimishwa kubeba kipande, wengi wakikining'iniza shingoni katika kikasha cha chuma. Kipande kilikuwa na jina, kabila, mwajiri na mshahara. Parokia za zamani nazo zina vitabu vya ubatizo vyenye majina ya wazazi. Hifadhi ya Kumbukumbu za Kitaifa, Moi Avenue, Nairobi, ina ripoti za kila mwaka za wilaya za enzi ya ukoloni. Lakini usiende huko ukitumaini kumkuta babu kwa jina, ila kama alikuwa chifu au alishtakiwa. Nenda ukijua lokesheni yake na miaka unayoitafuta.

Tahadhari moja. Mtu wa mjini akitokea na daftari na kuuliza nani ni mtoto wa nani, kuna mjomba atakayedhani unatafuta shamba, na hana kosa. Chini ya Sheria ya Urithi, mali ya marehemu aliyekuwa na wake wengi ambaye hakuacha wasia hugawanywa kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto, na kila mjane huhesabiwa pamoja nao. Basi jina moja likiongezwa, kipande cha mwingine kinapungua. Mweleze kila mtu mapema unachofanya, uanze na waliokufa zamani, na usimtaje mtoto wa nje mbele ya karamu. Jina lake liandike, maana naye ni wa ukoo, kisha funga daftari na umngoje nyanya abaki peke yake jikoni.